Kisu Kisichozidi Inchi Tatu

Delphia Sizemore hakuwa mtu wa kuamini mambo kirahisi. Ukimsalimia atakuitikia, tena vizuri tu, lakini moyoni anajiuliza huyu naye anataka nini. Na msimlaumu haraka. Miaka ishirini na sita alikuwa akisoma mita za maji kwenye mabonde ya mashariki ya Kentucky, nyumba baada ya nyumba, na kazi ile haimjengei mtu imani na binadamu. Unafunua mfuniko wa chuma, chini yake nyoka. Unapiga hodi, mwenye nyumba anachungulia pazia na kujifanya hayupo, ilhali maharage yake yananukia mpaka barabarani. Unamwambia mtu mita yake imeenda mbio, anakuapia kwa kaburi la mama yake kwamba mwezi mzima hawajaoga.

Kwenye mita zile Delphia alijua mambo ya watu wote: nani kaleta mgeni, nani mke kamkimbia, nani mwanawe karudi kutoka jela. Mita isiposema, alikisia, na akishakisia basi kwake imekuwa kweli. Majira ya baridi yaliyopita mita ya mzee Gillis Tackett ilishuka ghafla, maji chini ya nusu ya kawaida yake. Delphia akaripoti ofisini kwamba mzee anaiba. Ofisi ikaleta watu na mashine, wakachimba ua wa mzee wa watu toka kibarazani hadi kwenye banda la kuku wakitafuta bomba la kificho. Hawakuona kitu. Delphia akasema mzee ni mjanja, kalificha vizuri. Tangu siku hiyo hawasalimiani.

Sasa basi, Jumamosi moja ya Aprili, binti yake wa pekee, Marlena, akampigia simu.

"Mama, leo una nafasi? Nataka unisindikize dukani kwa Estill."

"Kuna nini kwa Estill?"

"Nataka kununua kisu."

Delphia akatua kikombe cha kahawa. Marlena huyu amekulia nchi ambayo kutoka nyumbani bila kisu mfukoni ni kama kutoka bila viatu, na maishani mwake hajawahi kukitaka. Baba yake, marehemu Hobert, alimnunulia kimoja alipotimiza miaka kumi, akakisahau kwenye basi la shule wiki hiyo hiyo. Leo ana miaka ishirini na saba, ana mume, ndiyo kakumbuka visu?

"Kisu cha nini?"

"Cha kutembea nacho tu. Kidogo. Kisichoonekana."

"Kisichoonekana na nani?"

Marlena akacheka, lakini kicheko chenyewe kifupi. "Na watu, Mama. Nakupitia saa nne."

Na watu. Delphia alikaa na maneno hayo jikoni mpaka kahawa ikapoa. Mtu gani tena wa kufichwa kisu, kama si yule unayelala naye nyumba moja?

Mkwe wake, Tobin Krebs, alikuwa mtu wa Ohio, kule kwenye nchi tambarare, na Delphia hakuwahi kumkubali hata siku moja. Mpole mno. Mtu mpole vile, alikuwa akisema, kuna kitu anakilea. Halafu likatokea lile la Jumapili ya Pasaka. Wameketi mezani, Delphia akafungua kisu chake, kile alichoachiwa na Hobert, chenye mpini wa mfupa, akampa Tobin akate kamba iliyofunga nyama. Tobin akakata, akalifuta bapa kwa kitambaa, akakifunga, akamrudishia. Meza nzima ikaacha kula. Hata mtoto mdogo wa mabondeni anajua kwamba kisu anakifunga aliyekifungua. Ukipewa kikiwa wazi unakirudisha kikiwa wazi, na ukikifunga wewe umemwachia mwenzio mkosi. Marlena akasema, "Hajui, Mama, kwao hawana hayo," na Tobin akawa mwekundu mpaka masikioni. Delphia akasema haina neno. Moyoni akaliweka.

Tena wiki iliyopita mama mmoja wa njia ya kanisani alikuwa amemwambia, "Mkweo nimemwona huku na gari lake, alfajiri, mara mbili. Anatafuta nini huku?" Hilo nalo akaliweka.

Marlena alipofika na gari lao la mizigo, kitu cha kwanza Delphia alichokiona ni mkono wa kulia juu ya usukani. Vidole vinne, kwenye vifundo, vimekatizwa na mstari wa zambarau toka cha kwanza hadi cha mwisho.

"Mkono umefanyaje?"

"Nimejibana."

"Na nini?"

"Mlango, Mama."

Mlango. Delphia alikuwa ameingia nyua za watu miaka ishirini na sita, na alikuwa amewaona wanawake waliojibana na milango, waliojikwaa ngazini, walioangukiwa na makabati. Akageuza uso dirishani mtoto asimwone. Ilimshika hofu, hofu hasa, na nyuma ya hofu hasira. Alikuwa na mtoto huyu mmoja tu duniani. Kama yule mpole wa Ohio amemwinulia mkono, Delphia alikuwa tayari kumtoa Marlena nyumba ile leo hii na nguo alizovaa, na atakayesema aseme. Lakini alijua pia kwamba mwanamke aliye kwenye shida hiyo ukimkurupusha anarudi ndani na kujifungia. Ukimsema mumewe vibaya kabla hajamsema yeye, umempoteza. Kwa hiyo akaamua kufunga mdomo na kuangalia anachagua kisu gani, kwa sababu anayechagua kisu anaonyesha anamwogopa nani.

Duka la Estill Combs linauza kila kitu, misumari, ndoo, viatu vya mpira, na mlangoni msimu ule alikuwa amepanga mifuko ya mbegu za majani ya kupanda uani, mpaka kiunoni. Visu viko ndani, kwenye kabati la kioo. Estill mwenyewe ni mnene, mcheshi, na hajui kukaa kimya.

"Bi Delphia, karibu. Umekuja kuninunulia au kunisomea mita?"

"Mita yako naijua. Mwaka jana ulijaza bwawa la bata ukaniambia choo kinavuja."

"Bata nao wanaoga, Bi Delphia. Ni viumbe safi." Akamgeukia Marlena. "Haya binti, nikupe nini?"

"Kisu cha kukunja. Kidogo, kizame mfukoni chote. Kisiwe na kibanio cha kuning'inia nje."

"Kibanio kina raha yake. Hukipotezi."

"Hapana. Kitaonekana."

Delphia akahesabu moja.

"Halafu nikifungue kwa mkono mmoja."

"Mkono wa pili una nini?" Delphia akauliza, kama vile hana habari.

"Unakuwa umeshika kitu, Mama."

Umeshika, au umeshikwa? Delphia akahesabu mbili.

"Na bapa lisizidi inchi tatu," Marlena akamaliza.

Estill akainua nyusi. "Inchi tatu kakwambia nani? Jimbo hili halina neno na kisu cha kawaida cha mfukoni, kifiche unavyotaka. Usiingie nacho mahakamani wala shuleni, mengine ni wewe na Mungu wako."

"Najua. Lakini kisizidi tatu."

Estill akamtazama Marlena, akamtazama Delphia, kisha akainamia kabati lake kama mtu aliyekumbuka kitu. "Haya. Tatu ni tatu," akasema, na maneno yakamwishia hapo. Estill kuishiwa maneno! Delphia akajua kwamba huyu bwana ana habari, na kama Estill ana habari basi mkewe anayo, na kama mkewe anayo bonde zima linajua mambo ya mtoto wake isipokuwa yeye.

Visu vikapangwa juu ya kitambaa cha kijani. Delphia hakumwachia Marlena kufungua hata kimoja. Alivifungua yeye, akapima makali kwa ukucha, akampa mtoto vikiwa wazi. Marlena alivigeuza mkononi, akavirudisha vikiwa wazi kama alivyolelewa, na Delphia akavifunga.

"Hiki," akasema Delphia. Alikuwa ameshika kimoja kizito, unabonyeza kitufe na bapa linaruka lenyewe. "Hiki hakikuangushi."

"Hicho hapana. Kitamtisha mtu."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Mama, mimi sitaki kumtisha mtu."

Bado anamwonea huruma, Delphia akawaza, na moyo ukamuuma. Wote huanza hivyo.

Marlena akaenda kwa kile cha pembeni, mpini wa mti mweusi, bapa jembamba ambalo ncha yake imekatwa ikawa butu. Kilimkaa vizuri. Hata Delphia aliona.

"Hakina ncha hicho," akasema hata hivyo.

"Nataka cha kukata, Mama, sitaki cha kuchoma."

"Ukate nini?"

"Kamba. Majani. Chochote."

Majani! Mtu na akili zake anunue kisu cha kufichwa mfukoni akate majani. Delphia akamezea.

"Kipime, Bi Delphia," Estill akasema, akamsogezea rula ya chuma. "Wewe ndiye mtu wa namba."

Delphia akalaza bapa juu ya rula, akainama. "Inchi mbili na nusu," akasema papo hapo.

Estill akamtazama Marlena. Marlena akamtazama Estill, kisha akatazama sakafu.

"Mbili na nusu," Estill akarudia taratibu. "Sawa. Lakini labda tuangalie hiki ndugu yake, mdogo zaidi kidogo."

"Cha nini? Si nimekwambia mbili na nusu?"

"Ni kizuri, sijakataa. Ila binti ana mkono mdogo."

"Mnatazamana nini nyie wawili?"

"Hatutazamani, Mama."

"Estill, wewe unajua mambo ya watu kabla wenyewe hawajayajua. Mnanificha nini?"

"Mimi nauza misumari, Bi Delphia."

Delphia akakiacha kisu juu ya rula. Akatoka nje kwa hasira, akapita mifuko ya mbegu, akaingia garini na kuufunga mlango kwa nguvu. Halafu akafanya kazi aliyoizoea. Akafungua droo ya mbele ya gari la mwanawe akapekua, na haya hakuona hata kidogo. Risiti, pipi, tochi, chini kabisa karatasi iliyokunjwa mara tatu. Akaikunjua. Ina muhuri wa bluu juu na sahihi chini. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi yakabaki ukungu tu. Wino wa siku hizi hafifu, akajisemea. Lakini muhuri ni muhuri, na karatasi yenye muhuri na sahihi ni ya hakimu. Aliwajua wanawake waliokwenda kwa hakimu wakapewa karatasi ya kumzuia mwanamume asiwakaribie. Sasa hakuwa na shaka tena.

Marlena akaja, akafungua mlango, akaona karatasi mapajani kwa mama yake. Akasimama hapo hapo.

"Umeisoma?"

Hapa Delphia akatumia ujanja wake wa siku zote. Mwambie mtu unajua kila kitu, yaliyobaki atakueleza mwenyewe.

"Nimeisoma. Najua kila kitu."

Marlena akaingia, akakaa kwenye usukani, na macho yakamjaa machozi. "Nilitaka uyasikie kwangu mwenyewe, Mama. Tobin alisema tukuambie tangu siku ya kwanza. Ni mimi niliyeogopa."

"Tobin alisema?"

"Kila siku anasema. Tena yeye ndiye anayenipeleka alfajiri, ananishikia tochi kabla hajaenda kazini."

"Anakupeleka wapi?"

"Kwenye njia yako ya mita." Marlena akageuka. "Si umesema umesoma?"

Delphia akatazama karatasi. Maneno yalikuwa pale, mistari kwa mistari, na hata moja halikutaka kusimama. Akamnyooshea mwanawe.

"Nisomee."

"Mama, umesema—"

"Nisomee, Marlena."

Marlena akasoma. Ilikuwa barua ya ofisi ya maji. Kuanzia Jumatatu njia ya mabondeni itashikwa na Marlena Krebs. Bi Delphia Sizemore anapumzishwa kusoma mita mpaka atakapopimwa macho, kwa kuwa barua tatu alizoandikiwa hazikujibiwa. Kisha masharti ya msomaji mpya: viatu vya kufunika vidole, koti la rangi kali, ndoano ya kuinulia mifuniko, na kisu cha kukunja kisichozidi inchi tatu, kikae mfukoni wakati wote, wenye nyumba wasikione.

"Barua zipi?" Delphia akauliza.

"Ziko chini ya kopo lako la unga. Uliniambia ni matangazo."

Delphia akarudisha pipi na tochi kwenye droo.

"Walitaka kumleta mtu wa nje," Marlena akasema. "Nikawaambia njia ya mama yangu nitaishika mimi. Wakanipa wiki tatu nijifunze. Kila nikija kukuambia nakukuta unaniangalia kama mtu unayemshuku, narudi nyumbani."

"Na kile kisu cha mti mweusi?"

"Kilikuwa inchi tatu na nusu, Mama. Mimi niliona. Estill aliona."

Tatu na nusu, yeye akasoma mbili na nusu, mbele ya watu, kwa sauti. Delphia aliona haya mpaka shingo ikamchemka. Akatafuta mtu wa kumkasirikia, akazunguka akili nzima, hakumpata. Kisha likamjia lingine. Ile mita ya Gillis Tackett. Kwenye daftari aliandika namba tatu. Aliinama pale asubuhi ya baridi, akaona tatu, akaenda zake. Mzee yule aliyeapa mbele ya watu wenye mashine kwamba hajaiba maji maishani mwake alikuwa anasema kweli.

"Nipe mkono," akamwambia mwanawe.

Marlena akampa. Delphia akaweka wa kwake kando. Kwenye vifundo vyake vinne, palepale palipokatiza zambarau ya mtoto, palikuwa na mstari mweupe wa kovu la zamani, toka kidole cha kwanza hadi cha mwisho. Alikuwa nalo miaka yote hiyo, analiosha kila asubuhi, na leo hakulikumbuka.

"Mfuniko," akasema.

"Wa kwa mzee Tackett," Marlena akasema. "Mzito ule."

"Unauinua kwa ndoano, halafu unauzuia kwa mguu. Vidole haviingii chini hata kidogo. Nani kakufundisha kuingiza vidole?"

"Hakuna aliyenifundisha," Marlena akasema. "Ningemwuliza nani?"

Mikono yao ilikuwa bado imelala pamoja juu ya kiti. Kisha Delphia akafungua mlango akashuka, na Marlena akamfuata.

Ndani mlikuwa na wateja wawili, watu wa njia yake wote, na Delphia aliwaona vizuri tu. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo.

"Estill, lete kile kidogo. Pima wewe, mimi sioni."

Alisema kwa sauti ile ile anayosemea namba. Wateja wakageuza nyuso kwenye ndoo. Estill akapima bila utani hata kidogo. "Mbili na robo tatu, Bi Delphia."

Delphia akalipa. Marlena akachokora mfukoni akatoa senti moja, akamwekea mama yake kiganjani, maana kisu hakitolewi bure hata na mzazi. Bila ile senti kinakata undugu. Delphia akaifumbata. Akamkabidhi kisu kikiwa kimefungwa.

"Si ukifungue unijaribie?" Marlena akasema. "Vyote umevifungua wewe."

"Nikikifungua mimi, itabidi nikifunge mimi. Jumatatu sitakuwepo." Akamwangalia mtoto akijaribu kwa mkono mmoja, mara ya kwanza akashindwa, ya pili kikafunguka. "Hivyo hivyo. Na mumeo mwambie Jumapili aje na njaa. Nitampa kisu akate nyama, na akikifunga, akifunge."

Marlena akakifunga mwenyewe, akakizamisha mfukoni. Hakikuonekana.

Walipofika mlangoni Delphia akasimama, akaupapasa mfuko wa mbegu kwa mkono wenye kovu.

"Estill, nibebee na mifuko miwili ya hizi mpaka garini."

"Miwili? Ua wako si mkubwa hivyo, Bi Delphia."

"Ni za ua wa Gillis Tackett," Delphia akasema. "Mita yake ilikuwa nane, si tatu."